Mwanya Kati ya Kikuyu na Chang'ombe

"Hapa pana mwanya! Ni nani na nani?"

Mama Anastazia, msimamizi wa wafumaji, alikuwa amepenyeza mkono katikati ya zulia, vidole vikatokezea upande wa pili. Watu wakacheka. Salha hakucheka, maana uzi mwekundu wa mtaa wa Kikuyu ulikuwa wake, na wa bluu wa Chang'ombe ulikuwa wa Hamidi.

Ilikuwa Alhamisi, mwaka 2001. Zulia la ukutani la mji mzima, kila mtaa na kipande chake, lilitakiwa kutundikwa kwenye nyumba ya sanaa Jumamosi. Sheria ilikuwa moja: kila mstari, uzi wako ukumbatiane na wa jirani ndipo urudi. Hawa wawili walikuwa na miezi mitatu bila salamu, kwa hiyo kila mmoja aligeuzia uzi kwake, mwanya ukabaki. Na Salha alikuwa na lake kichwani: baba alitaka jibu leo leo kuhusu posa ya Fahadi, mwenye duka la redio.

"Fumueni, muanze upya," aliamuru Mama Anastazia.

Wakafumua.

"Nipe uzi," alisema Hamidi.

"Chukua."

Mistari kumi ikaenda hivyo hivyo, nipe, chukua. Kwenye wa kumi na moja Salha akashindwa kuvumilia.

"Siku ile wali ulipoa, Hamidi. Baba kavaa kanzu, mashangazi wamejaa ukumbini. Barua ya posa haikuja. Ni nani huyo mwanamke?"

"Hakuna mwanamke."

"Basi nini?"

"Ijumaa iliyotangulia, shirika nililofanyia kazi lilipunguza watu. Jina langu lilikuwa la pili kwenye orodha ubaoni. Mjomba Shaaban alifika na barua mpaka kona ya kwenu, mimi ndiye niliyemrudisha. Niliona aibu."

"Aibu yako ukaniachia mimi niibebe! Kwani nilikuwa naolewa na shirika?"

Machozi yalimtoka, na hakujali nani anaona.

"Nisamehe. Siku hizi natengeneza viti pale Chang'ombe. Sijaacha kukupenda hata siku moja."

Simu ya Mama Anastazia ikaita.

"Salha, baba yako huyu."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Niwaambie akina Fahadi waje Jumapili?"

Salha alimtazama Hamidi, ambaye alikuwa bado ameushika uzi wake.

"Hapana, baba. Jumapili atakuja mjomba wake Hamidi."

"Yule wa wali uliopoa?"

"Huyo huyo." Akampa Hamidi simu. "Mwambie mwenyewe ulichoniambia."

Hamidi akasimama wima, utadhani anaonekana.

"Shikamoo, baba. Mkosaji ni mimi." Akaeleza yote, mpaka lile jina la pili ubaoni.



"Safari hii mje mapema," mzee akasema, akakata simu.

Jumamosi zulia lilitundikwa, na Mama Anastazia hakupata pa kupenyeza hata kidole. Jumapili mjomba Shaaban alibisha hodi kabla sufuria halijateremshwa jikoni. Wali uliliwa wa moto.