Gari la Eliezeri Lagoma Kupanda

Eliezeri na mkewe Ernesta wanaishi Gonja, juu mlimani. Eliezeri analima tangawizi. Ernesta ni mkunga hospitalini. Kwa miaka mingi walitegemea bodaboda na magari ya watu. Mwaka huu, mwezi wa pili, walinunua gari lao wenyewe kwa wakala wa magari mjini Moshi. Lilikuwa jipya kabisa. Lilikuwa dogo, na injini yake ndogo.

Kila Jumanne Eliezeri alishusha tangawizi mjini Same. Akirudi alibeba mbolea, sabuni na majirani.

Jumanne moja, mwezi wa sita, gari lilikuwa na mifuko mitatu ya mbolea na watu wanne. Mmoja wao alikuwa mama mkwe wake. Alimchukua pale Maore ili ampeleke kliniki ya presha. Walipofika kwenye mwinuko mkali, gari likaanza kuzubaa. Eliezeri akakanyaga mafuta hadi mwisho. Injini ililia sana, lakini gari halikwenda.

Ikabidi abiria washuke. Mama mkwe naye akashuka. Akajifunga kanga vizuri, akapanda kwa miguu mpaka kwenye kona.

"Gari ni zuri, mwanangu," alisema alipoingia tena. "Kasoro yake ni milima tu."

Eliezeri akatia gia. Mama mkwe anatembea, yeye amekaa kwenye usukani! Aliona aibu kubwa.

Alipofika nyumbani alimpigia simu shemeji yake Benson, mdogo wake Ernesta, anayeuza vipuri mjini Same.

"Shemeji, hiyo gari imebanwa na kompyuta," Benson alisema. "Kuna jamaa anakuja Same Jumamosi na laptop yake. Anafanya rimapu. Anabadilisha maagizo ya kompyuta ya injini. Nusu saa tu, gari inapaa!"

"Niandikie jina langu," Eliezeri alisema.

Ernesta alikuwa anamenya ndizi. Alisikia yote.

"Umejuaje kuwa ni kompyuta?" aliuliza.

"Benson ndiye anayejua mambo ya magari."

"Benson hajaligusa hata mlango. Mama mjamzito akija analalamika kichwa, simpi dawa mlangoni. Nampima kwanza. Jumamosi tupitie kwa Tausi, alipime. Kisha uamue mwenyewe."

Tausi ni fundi wa umeme wa magari mjini Same. Ernesta ndiye aliyemzalisha alipojifungua mtoto wake wa kwanza.

Jumamosi asubuhi walimkuta Tausi kwenye gereji yake.

"Shikamoo mzee. Shikamoo nesi."

"Marahaba, fundi," Eliezeri alijibu. Akaeleza shida yake, akaeleza na habari za rimapu. Alisema haraka. Saa nne jamaa wa laptop angekuwa anamsubiri.

"Kompyuta ya injini ina kazi kubwa," Tausi alisema. "Ndiyo inayoamua mafuta yaingie kiasi gani, na hewa kiasi gani. Waliotengeneza gari walibakiza akiba ya nguvu. Akiba hiyo ni ya siku ya joto, siku ya mafuta mabaya, na siku ya mlima kama wenu. Ukifanya rimapu, injini inaanza kula akiba."

"Kwa hiyo Benson ananidanganya?"

"Hapana. Nguvu huongezeka kweli. Wapo waliofanya, na magari yao yanatembea. Lakini injini itapata joto zaidi. Giaboksi itabeba nguvu ambayo haikupimiwa. Na bima lazima uwaambie. Waranti yako je, imebaki muda gani?"

Eliezeri hakujua. Kitabu cha gari kilikuwa bado kwenye nailoni yake. Ernesta akakifungua. Eliezeri akaweka kidole chini ya mstari, akasoma polepole:

"Dhamana ya injini haitatumika endapo programu ya kompyuta imebadilishwa bila idhini ya mtengenezaji."

"Dhamana ndiyo hiyo waranti," Tausi alisema. "Yenu ni ya miaka mitatu. Bado changa. Sasa niambie, mzee. Tangu mlinunue, lilikuwa linashindwa mlima?"

Eliezeri akafikiri. Mwezi wa tatu alipandisha mabati na watu watatu bila shida. Mwezi wa nne pia.

"Hapana," alisema. "Limeanza karibuni."

"Basi halijabanwa. Kompyuta haichoki, mzee. Gari lililokuwa na nguvu likazipoteza, hilo linaumwa."

Tausi akachomeka kifaa kidogo chini ya usukani. Akasoma. Akafungua boneti, akamwomba Eliezeri akanyage mafuta kidogo. Wote wakasikia sauti: *sssss*.

"Umesikia? Gari hili lina turbo. Ni kama feni inayosukuma hewa ndani ya injini. Bomba lake la mpira limepasuka hapa. Hewa inavuja. Mngefanya rimapu leo, turbo ingelazimishwa zaidi huku hewa inatoka. Ingekufa."

"Basi lizibe," Eliezeri alisema.

"Naweza, tena kwa dakika kumi. Lakini wakala wa Moshi atasema mimi ndiye niliyelipasua. Wapigieni wao. Nendeni polepole, bila mzigo." Akafungua mlango wa dereva, akaonyesha kibandiko. "Na hapa pameandikwa uzito wa mwisho. Watu wanne na mifuko mitatu ni kuzidisha."

Simu ikalia. Alikuwa Benson.

"Shemeji, uko wapi? Jamaa ameshafungua laptop!"

Eliezeri akamtazama mkewe. Ernesta akaangalia pembeni. Uamuzi ulikuwa wa mumewe.

"Mwambie asinisubiri," Eliezeri alisema. "Gari linavuja hewa. Nalipeleka Moshi."

"Umeniaibisha, shemeji."

"Nisamehe. Ningeua injini, tungeaibika wote."

Jumatatu walikuwa Moshi. Fundi wa wakala hakugusa bomba kwanza. Alichomeka mashine yake, akaisoma kompyuta.

"Kuna mtu amebadilisha programu hii?"

"Hapana," Eliezeri alijibu.

"Naona. Ni ya kiwandani." Akaandika. Bomba jipya likawekwa, bila malipo yoyote.

Walirudi siku hiyohiyo. Pale Maore Eliezeri alinunua mbolea. Muuzaji alileta mfuko wa tatu.

"Huo nitaufuata kesho," Eliezeri alisema.

Ernesta alikuwa ametoka zamu ya usiku kabla ya safari. Gari lilipoanza kupanda, alishalala, kichwa kwenye kioo. Eliezeri alipita mwinuko mkali, akapita kona, akapita na ile nyingine ya juu. Injini haikupiga kelele. Ernesta hakuamka mpaka gari liliposimama mlangoni kwao.

"Tumeshapanda?" aliuliza.

"Tumefika," Eliezeri alisema.