Mawe ya Redio

Boti ilipoingia kwenye magugu maji, injini ilikohoa mara mbili ikanyamaza, na hapo ndipo safari ya Safia ya kutoka Kendu Bay kurudi Kisumu ilipoharibika. Saa kumi ziwa lilikuwa wazi. Kufikia saa kumi na moja upepo ulikuwa umesukuma magugu yakawazunguka kila upande, mapana kama shamba, na mvua inawachapa migongoni.

Dishon, mwenye boti, aliinama nyuma na panga lake ili akate mizizi iliyojiviringisha kwenye pangaboi la injini. Wimbi likainua boti, panga likateleza, likamchana paja. Safia alifungua leso yake kiunoni, akaifunga juu ya kidonda, akaikaza kwa nguvu zake zote. Damu ilipungua lakini haikukoma.

"Kaza tu, Mama Rehma," Dishon alisema, meno yameumana. "Hata nikilia, wewe kaza."

"Kuna boti gani inapita huku?" aliuliza Badru, mume wa Safia.

"Ile ya samaki, ya barafu. Inapita huko nje saa moja na nusu. Isipoona sisi, ni mpaka kesho."

Safia aliitazama leso. Ilikuwa imelowa tena. Alijua kabisa kwamba Dishon hatafika kesho.

Badru alikuwa fundi wa redio mtaani Manyatta, Kisumu, na maji hayakuwa kazi yake. Tangu waondoke alikuwa ametapika mpaka chai ya asubuhi. Lakini alipoelewa kwamba kinachotakiwa ni taa ya kuonekana, kutapika kuliisha, akasogea kama mtu aliyeitwa dukani. Mawe ya tochi, yaani betri zake, yalikuwa yameingia maji. Akafungua redio yake aliyosafiri nayo, akatoa mawe yote sita, akatia mawili kwenye tochi. Balbu ikawaka njano, ikafifia, ikazimika.

"Haiwezekani. Nimeyanunua juzijuzi, mapya!"

Safia alikaza leso ambayo tayari ilikuwa imekaza.

"Baba Rehma, mapya niliachia mama Kendu Bay. Redio yake ilikuwa kimya tangu Idi. Hayo ni ya zamani. Niliyaanika juu ya bati siku tatu."

"Wewe? Nyumbani kwa fundi?"

Kila siku Badru huwaambia wateja kwamba jua halijazi mawe, na kumbe mkewe ndiye mwanikaji mkuu wa mtaa. Dishon akacheka huku anaumia. "Wacha yeye, Bwana Badru. Hata kwangu wanaanika."

"Basi balbu tuiache, ni mlafi," Badru alisema. Akatoa kwenye mkebe wake wa vifaa vitaa vitatu vyekundu vya LED, vile vidogo vinavyokaa usoni mwa redio kuonyesha imewaka. "Hizi zinakula kidogo." Akayapanga mawe yote sita kwa mstari mmoja, akayafunga kwa mpira wa tyubu. Kwa kuwa aliyaona yamechoka, akagusisha kitaa kimoja moja kwa moja, bila rezista ya kupunguza nguvu. Kikawaka kwa ukali, kikaungua papo hapo.

"Mawe yakipumzika yanaamka na nguvu," alinong'ona. "Na mimi nalijua hilo!"

Vilibaki viwili. Safari hii alivifuatanisha, rezista ikatangulia, akaviingiza ndani ya kichwa cha tochi mahali pa balbu. Giza lilikuwa limeshaingia. Safia alishika tochi kwa mkono mmoja, leso kwa mwingine, na Badru akawa anafunika taa kwa kiganja na kufunua. Mara tatu, anatulia. Mara tatu tena.

Mawe yalianza kushuka. Mwanga ulipofifia, Badru aliondoa rezista, ukarudi. Ukafifia tena.

"Hayawezi kusukuma mbili. Tulishe moja tu."

Akatoa kitaa kimoja, akarudisha rezista ili asirudie kosa. Sasa mlio wa injini ulisikika mbali. Taa ya boti ya samaki ilipita, ikaendelea, ikawaacha. Safia alimwomba Mungu kwa sauti. Badru hakuacha kufunika na kufunua.

Ile taa ikageuka.

"Tulidhani ni sigara ya mtu," alisema nahodha, Opiyo, akiwarushia kamba juu ya magugu. "Lakini nani anavuta sigara ndani ya hii majani?"

Walimlaza Dishon juu ya masanduku ya barafu. Usiku huohuo alishonwa nyuzi kumi na tisa, akapona. Lakini njiani, Kisumu ikianza kuonekana, mikono ya Badru, iliyofanya kazi yote ile bila kuyumba, ilianza kutetemeka na haikusikia amri. Katika miaka kumi na miwili ya ndoa Safia hakuwahi kumgusa mumewe mbele ya watu. Aliichukua mikono yote miwili, akaiweka mapajani mwake.

"Watu wanaangalia, Mama Rehma."

"Waangalie," alisema Safia, na hakuiachia mpaka boti ilipogusa nchi kavu.