Mshale Uliokomea Nusu

Jumatano, saa mbili na dakika kumi asubuhi, ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mabati ya Kawangware wakati Subaru ya Muigai ilipoingia gereji. Nelima aliisikia kabla ya kuiona. Alikuwa kwenye kona yake anashona viti vya gari, na mkono wake ukasimama wenyewe. Siku zote gari lile lilipumua kama mtu aliyeshtuka usingizini. Leo lilipumua kama mtu asiyetaka kuamka.

Muigai alishuka bila kuzima injini.

"Wanzala! Turbo yangu iko wapi?"

Wanzala, makanika na kaka yake Nelima, alijivuta kutoka chini ya pikapu. "Niaje, Muigai. Si iko kwa gari?"

"Hiyo si yangu. Nilikuletea gari ubadilishe klachi, umenirudishia mkokoteni. Jana jioni nimepitwa na Probox imebeba kuku, buda. Kuku walikuwa wananiangalia!"

Watu wawili waliokuwa wanapaka rangi wakacheka, halafu wakaacha, maana Wakarima alikuwa amesimama getini. Ploti ilikuwa yake, na Muigai alikuwa mwanawe wa pekee.

"Nilijua," mama alisema kwa sauti iliyofika hadi kwa wauza mboga ng'ambo ya barabara. "Mwizi! Ijumaa saa sita mchana, turbo irudi ama utoke kwa ploti yangu, wewe na hizo spana zako."

Wanzala aliokota spana yake. Alikuwa amefanya kazi pale miaka kumi na mmoja. Nelima alimtazama kaka yake, kisha akamtazama Wakarima. Mama yule alikuwa amemtazama mwanawe, akamtazama Wanzala, akatazama hata mbwa. Gari lenyewe hakulitazama hata mara moja.

Alhamisi, saa nne na nusu, Nelima alimwendea Muigai.

"Nipe dakika ishirini ndani ya hiyo gari."

"Wewe ni fundi wa viti."

"Ndio. Nitakaa kwa kiti."

Muigai alicheka bila kutaka. Wakashuka hadi barabara ya Mbagathi, karibu na Nyayo Highrise, mahali palipokuwa wazi. Jua lilikuwa jepesi kama maziwa yaliyotiwa maji, na nyumba za ghorofa zilipita dirishani taratibu, nguo zikipepea kwenye kila kibaraza. Nelima hakuangalia barabara. Aliangalia saa ndogo juu ya dashibodi, ile inayoonyesha turbo inasukuma hewa kiasi gani.

"Kanyaga."

Injini ilipanda na gari likapanda nayo, pamoja, kama watu wawili walioshikana mikono.

"Klachi haitelezi," alisema. "Ingeteleza, injini ingepiga kelele na gari ibaki nyuma. Kanyaga tena."

Mshale wa saa uliruka haraka hadi nusu. Ukakaa hapo. Haukutetemeka, haukurudi.

"Zamani ulikuwa unafika wapi?"

"Moja na kidogo. Hiyo ndio nguvu nililipa jamaa mmoja aniongezee."

"Na hakuna mahali inavuja hewa, hatusikii mluzi. Turbo mbovu ingechelewa kuamka, Muigai. Hii inaamka vizuri. Ni kama imeambiwa, komea hapo."

"Nani ameiambia?"

Walisimama kando ya barabara, wakafungua boneti. Nelima alielekeza kidole kwenye mgongo wa turbo, penye kovu lililopinda kama ukucha.

"Unaijua hii alama?"

Muigai aliinama. Akaipapasa kwa kidole. "Niliiangusha mwenyewe. Kwa simiti, kwetu nyumbani."

"Basi haijaibwa."

"Basi ameiharibu. Mathe wangu hatarudisha neno lake, Nelima. Hiyo Ijumaa ni Ijumaa."

Nelima hakumsikia vizuri. Alikuwa ameinua uso. Upande wa ndani wa boneti kulikuwa na msalaba uliochorwa kwa kidole chenye mafuta. Aliunusa. Haikuwa oili ya injini. Ilikuwa harufu tamu, nzito kidogo, ya kanisani siku ya kuombea wagonjwa. Na chini kabisa, kwenye paipu nyembamba ya mpira, kulikuwa na kipande cha uzi wa bluu, kifupi kama ukope, ncha yake imekatwa safi.

Ule uzi aliujua. Ulikuwa wake.

Hivyo ndivyo walivyofanya kazi, yeye na kaka yake. Kila paipu aliyoing'oa Wanzala alifungia uzi wa viti, na mahali ilipotoka akafungia uzi wa rangi ileile. Bluu na bluu, nyekundu na nyekundu. Nyuzi hazikutolewa mpaka gari lijaribiwe barabarani, na Wanzala alizitoa kwa kipande cha msumeno, ambacho huacha ncha zimechambuka. Makasi hakuwa nayo.

Aliporudi gereji alimuuliza kaka yake, "Nani alikata nyuzi za Subaru?"

"Mimi," alisema Wanzala, akitazama mikono yake.

"Ulizikata na nini?"

"Nelima, wacha."

Jioni, kabla jua halijazama, Nelima alipitia mtaa wa Gatwekera akielekea kwake, mtaa wa jirani wa Lindi. Morris, makanika mwenzao, alikuwa nje ya mlango anaosha viatu. Kila mtu alijua anaitamani nafasi ya Wanzala.

"Umekuja kunishika?" Morris aliuliza. "Pingu umeshona mwenyewe?"

"Jumapili ulikuja gereji?"

"Nilikuja. Saa nne hivi, kurudisha jeki ya bro yako. Geti ilikuwa wazi."

"Jumapili hatufungui. Wanzala alikuwa kanisani na mimi."

"Nilishangaa pia. Gari ya Muigai ilikuwa juu ya mawe, gearbox chini, vile mliacha Jumamosi. Nikasikia mtu anaomba, kwa kunong'ona. Nikarudi na hiyo jeki. Sasa nani huingia mahali mtu anaomba?"

"Ulimwona?"

"Sikumwona. Manze, mimi naitaka hiyo nafasi, lakini siitaki hivyo."

Usiku ule Nelima aliota nyuzi zinaanguka polepole ndani ya maji. Alipoamka alijua. Kufuli la geti lilikuwa na funguo mbili tu. Mmoja ulikuwa wa Wanzala, na Jumapili saa nne ulikuwa mfukoni mwake, kwenye benchi la kanisa. Wa pili ulikuwa wa mwenye ploti.

Ijumaa, saa tano na nusu, Wakarima alikuja na Muigai. Wanzala alikuwa ameshaanza kufunga vitu vyake kwenye gunia. Nelima alitoka kwenye kona yake na kuweka vibunda vinne vya uzi juu ya boneti.

"Mama Muigai, unazijua hizi?"

Wakarima alirudi nyuma hatua moja.

"Ni nyuzi za kushona viti," Nelima alisema. "Nanunua Gikomba. Kaka yangu anafungia paipu ili asichanganye."

"Za viti?"

"Ulidhani ni za nini?"

Wakarima alivuta leso yake mabegani. Upepo uliinua vumbi, ukaliweka chini tena.

"Mathe?" Muigai alisema. "Ni wewe?"

"Nilikuja kuangalia hiyo gari inayoninyima usingizi," alisema mama, sasa kwa sauti ndogo. "Nikafungua, nikaona nyuzi. Nyekundu, bluu, zimefungwa mafundo ndani ya gari ya mtoto wangu. Watu wa kwenu, mnasemwa..." Akaacha. "Nilidhani amefungwa kwa uchawi. Nikakimbilia makasi. Nikazikata zote, nikapaka mafuta, nikaomba."

"Na Jumatano?" Nelima aliuliza. "Ulijua ni nini kimetokea. Mbona ukamwita mwizi?"

"Sikujua. Niliona tu imekuwa mpole." Alimtazama mwanawe. "Nikasema Mungu amejibu. Sikutaka mtu aitengeneze, na Wanzala akifukuzwa, nani angeitengeneza?"

Muigai aligeuka, akashika kichwa.

"Lakini nyuzi hazibadilishi gari," Nelima alisema, akamgeukia kaka yake, maana ndiye aliyebaki. "Wanzala. Jumatatu ulikuta zimekatwa. Zile paipu mbili za kile kidude kinachoiambia turbo ikomee wapi, zinafanana kama mapacha. Ulizirudishaje?"

Wanzala aliweka gunia chini.

"Nilikisia."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Fundi wa miaka yote hii, bila uzi wa dada yake hajui paipu inaenda wapi? Nilidhani nyuzi zimelegea zenyewe zikaanguka. Halafu ukaanza kuuliza, nikaona aibu zaidi."

Hakuna aliyecheka. Wanzala alichukua bisibisi, akainama. Kazi ilichukua dakika nne: paipu hii ikatoka, ile ikatoka, zikabadilishana midomo. Muigai aliondoka na gari peke yake. Walilisikia likipanda kuelekea barabara ya Naivasha, pumzi ndefu, kisha ndefu zaidi, mpaka likawa kama jambo linalotokea mbali, kwa watu wengine. Aliporudi hakuzima injini.

"Moja na kidogo," alisema.

Wakarima alishusha macho. "Kaa, Wanzala. Nafasi ni yako."

"Haitoshi," Nelima alisema. "Ulimwita mwizi hadi kwa wauza mboga."

Mama yule alimtazama. Kisha akatembea hadi getini, akajaza kifua hewa.

"Ninyi! Wanzala hakuiba! Ni mimi nilikata nyuzi zake, na nikanyamaza!"

Ng'ambo ya barabara watu waliacha walichokuwa wanafanya. Wanzala angeweza kukaa palepale, jina lake limeshasafishwa. Badala yake alipangusa mikono, akatembea hadi getini.

"Na mimi nilikisia!" aliita. "Paipu nilizichanganya mimi!"

Geti lilikuwa jembamba. Wakarima alisogea kando kidogo ili wote wawili waenee.