Daftari la Masafa

Foleni ya posta ilikuwa imefika mlangoni wakati kijana mwenye ovaroli ya bluu alipofika dirishani na bahasha tatu. Karani wa stempu, msichana mwenye blauzi ya njano iliyonyooshwa kwa pasi ikanyooka, alizisoma anwani moja moja. Zote zilikuwa za nchi za mbali mno.

"Kaka, una wapenzi wangapi huko ng'ambo?"

"Hata mmoja. Naandikia redio."

"Redio zinajua kusoma?"

Watu wa nyuma wakacheka. Kijana akajikaza. "Nikinasa kituo cha mbali nawaandikia nimewasikia tarehe gani, saa ngapi, masafa gani, na walitangaza nini. Wakiona ni kweli wananitumia kadi."

"Kadi unaifanyia nini?"

"Naitazama."

"Makubwa!" Akagonga muhuri. "Haya, Redio, pita. Siku ukikosa wa kumwandikia, mimi nipo hapa."

Yeye alikuwa anatania. Kijana hakuchukulia utani. Kesho yake alirudi na bahasha iliyoandikwa "Dirisha Namba Nne", na ndani yake karatasi moja: *Nimekusikia jana saa nne na dakika kumi asubuhi. Sauti: safi kabisa. Usumbufu: watu wa foleni. Naomba uthibitisho.* Chini aliweka namba ya simu.

Jioni simu ikaita.

"Halo, Redio?"

"Ndiyo, mimi."

"Nimethibitisha," akasema, na kukata. Kijana alicheka peke yake hadi jirani akagonga ukuta.

Alikuwa fundi wa lifti, anayeishi ghorofa ya juu kabisa ya jengo lisilo na lifti, na juu ya paa alikuwa ametandaza waya mrefu kutoka tangi la maji hadi tangi lingine. Kila alichokisikia alikiandika kwenye daftari lenye jalada gumu. Huyu ni mtu aliyeweza kumdanganya msimamizi wake kwamba mgongo unauma, lakini daftarini hakuwahi kuandika hata dakika moja ya uongo. Kadi ya uongo, alisema, ni afadhali uichore mwenyewe.

Karani alimpenda kwa hilo. Alimpenda pia kwa mikono yake inayonukia grisi, na kwa jinsi alivyoinamisha kichwa akimsikiliza, kana kwamba neno moja likimpita hatalipata tena.

"Unanisikiliza au unanitafuta masafa?" alimuuliza siku moja huko juu ya paa.

"Nimeshakupata. Sasa naogopa kugusa kitufe."

"Basi nioe, usiguse."

"Nakuoa."

Mama yake karani, mjane aliyeshona nguo za watu miaka thelathini, alifurahi kuliko wote. "Mkwe wangu wa mawimbi," alimwita. "Huko angani kwenu hawatangazi dawa ya sukari? Nimechoka kuchomwa sindano kama kitambaa."

Miezi miwili kabla ya harusi, friji ya mama ikafa. Vichupa vyake vya insulini vilikuwa vya mwezi mzima, na kliniki haitoi vingine kabla ya mwezi kuisha. Fundi akasema vikae kwake, ni hatua chache tu. Karani alivipanga mwenyewe kwenye rafu ya chini ya friji yake.

"Hapo nimeweka roho ya mama yangu, mpenzi."

"Niachie mimi."

Kulikuwa na kituo kimoja kidogo, cha kisiwa kilicho upande wa pili wa dunia, ambacho fundi alikitafuta kwa miaka saba. Sauti kama hiyo hufika alfajiri tu, tena kwa dakika chache, na mngurumo mdogo wa friji unatosha kuifukia. Kwa hiyo tarehe tisa, saa kumi na moja kasorobo alfajiri, alizima swichi kuu ya nyumba na kuwasha redio kwa betri. Na kisiwa kikaja! Mwanamke alikuwa anasoma hali ya hewa, kisha kwaya ya watoto, kisha jina la kituo, wazi. Fundi alilia. Alikuwa bado anaandika wakati simu ilipoita: lifti imekwama na watu sita ndani. Akatoka mbio.

Alirudi saa moja jioni na kukuta maji yametapakaa jikoni. Akawasha swichi, akazungusha kitufe cha friji mpaka mwisho ili irudishe baridi upesi, akalala. Asubuhi vichupa vyote vilikuwa vimeganda, vyeupe. Karatasi ya ndani ya boksi ilisema dawa hii ikiganda itupwe. Aliisoma mara mbili. Simu ikaita.

"Laazizi, napitia kichupa cha mama. Kipo?"

Alikuwa amekishika kiganjani, kimeanza kuyeyuka. "Kipo, mpenzi. Njoo."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Aibu ilimfunga mdomo siku ya kwanza, na siku ya pili akaona haya kwa sababu ya siku ya kwanza.

Wiki haikupita, mama akaanza kunywa maji kama aliyetoka jangwani. Karani alimpima, akapima tena.

"Ishirini na sita! Mama, umekula nini?"

"Sijala kitu, mwanangu."

"Usinidanganye! Ni ile sukari ya wageni, siyo? Ukibaki peke yako unaramba."

"Haki ya Mungu sijaonja."

"Kipimo kiseme uongo, wewe useme kweli? Mtu mzima hovyo! Unataka kufa ukose harusi yangu?"

Mama alimgeukia mkwe wake, ambaye alikuwa amekaa kwenye kochi na kikombe cha chai. "Baba, mwambie mwenzio. Mimi siyo mwizi wa sukari nyumbani kwangu."

Fundi alitazama chai. Alijiambia kwamba vichupa vibovu vitaisha Ijumaa, vitakuja vipya, na mambo yatajinyoosha yenyewe. Akanywa.

Mama alizimia Jumatano, na Alhamisi hospitali ikampigia karani simu kazini. Msibani ndugu walinong'ona, kisha wakaacha kunong'ona wakasema: alijitakia, alishindwa kuzuia mdomo wake. Karani aliitikia kwa kichwa. Hata yeye aliamini.

Majuma matano baadaye, akichambua barua, aliiona kadi yenye picha ya mnara na minazi. Kisiwa kilikuwa kimejibu. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi alitabasamu, akaomba ruhusa, akapanda zile ngazi zote akihema.

"Redio! Fumba macho."

Fundi alipoiona kadi, rangi ilimtoka. Karani hakugundua. Alikuwa ameshachukua daftari rafuni, akifunua kurasa kutafuta tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, aibandike mahali pake.

"Lete nitabandika mimi," fundi alisema.

"Wacha wee, hii ni yangu." Akaufikia ukurasa.

*Tarehe 9. Swichi kuu nimezima 10:45 alfajiri. Usikivu: mzuri sana. Umeme nimerudisha 1:10 jioni. Friji nimeweka mwisho. Tarehe 10: dawa ya mama imeganda yote. Sijamwambia.*

Alisoma, akarudia kusoma. Kisha akaiweka kadi juu ya meza taratibu, akatoka.

Fundi alipiga simu siku nne. Siku ya tano ikapokelewa.

"Mpenzi, nisamehe. Sikukusudia."

"Umeme ningekusamehe. Hata ile barafu." Sauti yake ilikuwa kavu. "Lakini ulikaa kwenye kochi letu nikimtukana mama yangu, akakuomba umtetee, ukanywa chai."

"Niambie nifanye nini. Chochote."

"Jumapili ndugu zangu wote watakuwa kwa mjomba. Njoo uwaambie hakula sukari."

"Halafu sisi?"

"Uje saa nane."

Alikwenda, amevaa shati jeupe. Sebule ilikuwa imejaa. Alisimama katikati ya zulia akasema yote, kuanzia swichi mpaka kikombe cha chai, bila kujipunguzia. Alipomaliza, mjomba alivua miwani.

"Na wewe ni nani hapa kwetu?"

Fundi alimtazama karani, aliyekaa pembeni na gauni lake jeusi. Alimngojea yeye ajibu.

"Tulimpa dawa ya mama atutunzie," karani alisema.

Mama mdogo, ambaye msibani ndiye aliyepaza sauti kwamba dada yake ameuawa na ulafi, alijifunika uso kwa mikono akaanza kulia. Karani akainuka, akaenda kumkumbatia. Hakuna aliyemwambia fundi akae, wala aende.