Joto Ndani ya Sanduku

Mchana huo jua lilikuwa limelala sakafuni, na mama alikuwa akipanga sanduku polepole, kama mtu aliye ndotoni. Kesho angepanda ndege kwenda kwa binti yake aliyejifungua. Mjukuu wa kwanza! Tangu habari ifike, mama alikuwa akitia chumvi kwenye chai na kucheka peke yake.

Mumewe, fundi redio, naye alikuwa na zawadi. Kule kwa binti yao umeme ulikatika kila mara, basi akatengeneza taa. Alitoa betri kwenye simu mbovu, akaziunganisha kwa waya, akazifunga kwa seloteipu. Alipomaliza kuzichaji, aliizungushia taa blanketi za mtoto ili isigongwe, akaisukumiza katikati ya sanduku.

"Binti yangu hatalea kichanga gizani," alisema, kifua mbele.

Mama akalaza shavu juu ya blanketi, akafumba macho. Aliona chumba asichokijua, pazia jeupe, na kitu kidogo kikipumua begani kwake.

"Baba watoto, njoo uguse. Zina joto. Utadhani mjukuu wangu yumo humu tayari."

"Haya, umeanza," mumewe akacheka. "Ndege hujapanda, kichwa kiko mawinguni."

"Hodi!" Alikuwa jirani yao, dada anayefanya kazi ya ufundi wa ndege. "Nimekuja kumuaga bibi mpya."

Mama akamshika mkono, akauweka juu ya blanketi. "Gusa, mwanangu. Mjukuu huyo."

Jirani hakucheka. "Kuna nini humu?"

"Taa tu. Ina betri za mkono wangu," fundi alijibu.

"Mama, sogea. Mzee, nipe koleo, na ndoo ya bati yenye mchanga. Haraka!"

Akafunua blanketi taratibu. Betri zilikuwa zimevimba. Zilipobanwa na nguo, waya mbili zilikuwa zimegusana. Akazibeba kwa koleo hadi uani, akaziweka mchangani, mbali na kila kitu. Hazikukawia. Zikatoa mlio, kisha moshi mzito wenye harufu kali, kisha mwali.

Fundi akakaa kizingitini.

"Hilo lingetokea kesho," mama alinong'ona, "chini ya kiti changu?"

"Lakini kwenye ndege si mna vyombo vya kugundua moto?" mumewe akauliza.

"Vipo, na kazi yangu ni kuvikagua," jirani alisema. "Viko kwenye dari ya chumba cha mizigo, vinanusa moshi. Vikiunusa, rubani anawashiwa taa nyekundu na kengele inalia. Anafungulia gesi ya kuzimia moto, anatafuta uwanja wa karibu."

"Basi kuna hofu gani?"

"Vinanusa moshi, mzee. Joto lililofichwa ndani ya blanketi havilijui. Moshi ukifika darini, moto umeshaanza. Na betri hizi zina ukaidi. Gesi inazima mwali, zenyewe zinaendelea kuchemka, zinaweza kuwaka tena. Ndiyo maana pawabenki na betri za akiba haziwekwi kwenye sanduku la mizigo. Unakaa nazo kwenye mkoba wako, ncha zake zimefunikwa, ili zikipata joto mtu azione mapema. Zilizovimba, au za kuungaunga nyumbani kama hizi, hazisafiri kabisa."

Fundi alitazama ndoo. Machozi yalimlengalenga. "Nilitaka kumpa mwanga tu. Kidogo nimpoteze mama yake."

Mama akakaa karibu naye. "Taa bado ni yako. Nitaibeba bila betri. Mpya nitanunua huko huko, dukani."

Kesho yake mama alipanda ndege. Dirishani mawingu yalipita taratibu, meupe na laini, naye akasinzia. Chini yake, chumbani mwa mizigo, sanduku lilitulia gizani, na vinusa moshi havikupata cha kunusa.

Jioni simu ya fundi ikalia.

"Baba watoto, umeme umekatika na taa yako inawaka kwa betri mpya," mama alisema. "Nimemfunga mtoto blanketi ile ile. Ina joto."

Fundi akashtuka. "Joto gani?"

"La kwake mwenyewe. Msikilize anavyopumua."

Fundi akabana simu sikioni, akafumba macho, akasikiliza.