Nyayo Kwenye Nepia

Ilikuwa Julai ya mwaka 2024, na baridi ya Kibugu, huko Embu, ilikuwa kali kiasi kwamba hata wachuma chai walichelewa kutoka majumbani. Ukungu ulishuka kutoka msituni asubuhi, ukatulia juu ya mashamba, na jua halikuonekana wiki nzima. Umeme ulikuwa umekatika tangu Jumatatu. Alhamisi alasiri Gachoki alirudi kutoka kazini, akachaji simu yake kwa betri ya gari, akaiwasha, na akaona jambo dogo lisilokuwa sawa. Mnyama wake wa mchezo wa simu alikuwa amefika ngazi ya thelathini na mbili. Alimwacha kwenye ya thelathini na moja, na tangu hapo simu ilikuwa imezimika kabisa.

Gachoki hakuwa mtoto. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, fundi wa maabara katika kiwanda kidogo cha maziwa. Mchezo wenyewe ni huu: unakamata wanyama wa ajabu porini, unawalea, unawapiganisha na wanyama wa wengine. Umetengenezwa kwa ajili ya watoto, na mtu mzima huumaliza bila kutoa jasho. Ndiyo maana watu wazima wanaoupenda hujitungia sheria za kuufanya uwe mgumu. Sheria hizo Gachoki alifundishwa na Mutugi, mwenzake wa kiwandani.

"Buda, hiyo gemu ukiicheza vile iko utasinzia," Mutugi alikuwa amemwambia. "Kila mnyama mpe jina. Akiangushwa, amekufa. Unamwachilia, na hilo jina hulitumii tena maishani. Na usimpe jina la ovyo ovyo. Mpe jina ambalo likipotea utaumia."

Sheria hiyo huzaa kazi nyingine. Kwa kuwa kifo hakirudishwi, mchezaji hathubutu kuwakabili wakubwa kabla hajamkuza mnyama wake. Basi humtembeza katika nyasi ndefu, mbele na nyuma, mbele na nyuma, ili wanyama wadogo wasio na majina waruke kutoka nyasini wauawe mmoja mmoja. Wakishakuwa dhaifu mno hata kuwaua kusimwongezee kitu, humhamishia kwenye nyasi za wakubwa kidogo. Kazi hiyo haina raha yoyote, na Gachoki aliipenda kupita kiasi.

Jina alilochagua lilikuwa Nthiga.

Nthiga alikuwa baba yake mzazi, aliyezikwa mwezi wa Machi nyuma ya nyumba ile ile. Mke wa Gachoki, Nkirote, aliyeolewa kutoka Meru, alikuwa amekaa miaka minane bila mtoto, na sasa alikuwa na mimba ya miezi saba. Picha ya hospitali ilionyesha mvulana. Kwa desturi ya Embu, mwana wa kwanza huitwa jina la baba wa baba yake, na mzee huhesabiwa kuwa amerudi nyumbani. Jina la Nthiga, basi, lilikuwa limewekwa likimngoja mwenyewe. Gachoki alilijua hilo. Alitafuta jina ambalo likipotea angeumia, akaliandika hilo. Simu ikamuuliza kama ana uhakika. Akabonyeza ndiyo, akalitamka kwa sauti, akacheka.

"Unacheka na nani?" Nkirote alimuuliza siku hiyo kutoka jikoni.

"Na mnyama wangu."

"Mwanaume mzima! Ng'ombe wa kweli analia njaa, na wewe unalisha wa simu. Huyo wa kwako anatoa maziwa?"

Jumamosi Nkirote alikuta vifaranga wote wamekufa chini ya kapu lao. Hawakuwa na jeraha. Manyoya yalikuwa mahali pake na macho yalikuwa wazi, ila miili ilikuwa myepesi, mikavu, kana kwamba imekaa juani mwezi mzima, na jua lenyewe halikuwapo. Harufu iliyokuwa pale haikuwa ya mzoga, bali ya nyasi mbichi zilizokatwa sasa hivi, iliyochanganyika na maziwa yaliyochacha.

Gachoki aliitazama simu. Thelathini na tano, na hakuwa ameugusa mchezo tangu Alhamisi.

Jumapili, waliporudi kutoka kanisani, walisikia nyayo. Shamba la nepia, nyasi ndefu za ng'ombe, lilianzia hatua chache tu kutoka mlango wa jikoni, na ndani yake mtu alikuwa akitembea. Alikwenda hadi mwisho wa shamba, akageuka, akarudi. Akageuka tena. Nyasi zililala na kuinuka, fyu, fyu, fyu, na katikati ya ukungu mtu huyo akakohoa.

Mama yake Gachoki, mzee Ciakuthii, alishika nguzo ya mlango.

"Hicho ni kikohozi cha baba yako," alinong'ona.

"Mama, ni mwizi wa nyasi."

"Nimelala na kikohozi hicho miaka hamsini. Usiniambie mimi ni cha nani."

Gachoki alichukua panga, akaingia. Hakukuwa na mtu. Palikuwa na njia moja tu, nyembamba, iliyokanyagwa hadi udongo ukang'aa, kwenda na kurudi.

Wiki iliyofuata walikufa kuku wakubwa, kisha mbuzi aliyenunuliwa kwa ajili ya sherehe ya mtoto. Gachoki alifuta mchezo kwenye simu, akaifuta na simu yenyewe hadi ikawa kama ilivyotoka dukani. Alasiri hiyo hiyo nyayo zilitembea kama kawaida. Asubuhi ya Ijumaa ndama alikutwa amelala mkavu kando ya mama yake, na ng'ombe alikuwa akimlamba bila kukoma, ulimi ukitoa sauti kama ya kitu kinachopitishwa juu ya karatasi.

Hapo ndipo Gachoki, ambaye maisha yake yote alikuwa mtu wa kupima, alipokaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kupanga mambo kwa utaratibu, akaona kwamba vifaranga walitangulia, wakafuata kuku, akafuata mbuzi, akafuata ndama, kila mara aliye mkubwa kidogo kuliko aliyepita, kama yeye mwenyewe alivyokuwa akifanya katika nyasi za simu. Na akaona pia kwamba mbwa wao, aliyeitwa Bosi, alikuwa mzima kabisa, na ng'ombe, aliyeitwa Karembo, alikuwa mzima kabisa, na kwamba wote waliokufa walikuwa na sifa moja tu, kwamba katika boma lile hakuna aliyewahi kuwapa majina. Na ndani ya nyumba, chini ya shuka la Nkirote, alikuwamo mmoja asiye na jina, kwa sababu lake lilikuwa limekwisha kutolewa.

Aliingia ndani mbio.

"Mtoto anacheza?"

Nkirote aliweka mkono tumboni. "Tangu asubuhi hajanipiga hata teke moja. Kwa nini unauliza hivyo? Gachoki, umefanya nini?"

Alimwambia. Nkirote hakumtukana. Alimtazama tu, na macho yale yalikuwa mabaya kuliko tusi.

Waliitwa na kuja watu wa maombi, wakaimba, wakaondoka, na nyayo zikaendelea. Aliyebaki nyuma ni Nelius, mkunga mstaafu aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi katika hospitali za pwani kabla ya kurudi Kibugu. Alimsikiliza Gachoki hadi mwisho, kisha akaomba kuonyeshwa njia ile kwenye nepia. Hakuikanyaga.

"Huyu si baba yako," alisema. "Baba yako amelala. Hili ni jini lililokuwa linapita, likakuta jina limetupwa nje kama nguo kuukuu, likalivaa. Sasa linajikuza."

"Tulitoe jina hilo."

"Kwa nguvu gani? Wewe ndiye uliyelitoa, ukaulizwa kama una uhakika, ukasema ndiyo. Liacheni. Mpeni mtoto jina lingine leo, kabla hajazaliwa, hata kama si desturi. La baba yake Nkirote. Na la mzee lisitamkwe tena katika boma hili, wala kwa mtoto, wala kwa mjukuu, wala juu ya kaburi."

"Haiwezekani!" Ciakuthii alikuwa amesimama. "Mzaliwa wa kwanza wa nyumba hii aitwe Mwirigi? Jina la Meru? Na mume wangu abaki nje milele, hana mlango wa kurudia? Nelius, wewe ulikula kwangu!"

"Nilikula, mama. Chagua."

"Sichagui! Aliyemwuza baba yake kwa mchezo ndiye achague!"

"Mama," alisema Nkirote, polepole sana, "nimengoja miaka minane."

"Na mimi nimengoja tangu Machi."

Hapo nyayo zikabadilika. Hazikugeuka tena mwisho wa shamba. Ukungu wa alasiri ulikuwa umeziba dirisha, na nje yake nyasi zililala upande mmoja bila kuinuka, kisha changarawe za uani zikalia, moja moja, kwa uzito wa kitu ambacho hakikuwa na uzito huo wiki iliyopita, na Karembo akakata kamba, na Bosi akaingia chini ya kitanda akijikojolea, na harufu ya nyasi mbichi na maziwa yaliyochacha ikapita chini ya mlango ikajaa chumba, na kikohozi kikasikika pale pale kwenye kizingiti, kikohozi cha mzee anayengoja kufunguliwa nyumbani kwake, na Nkirote akajikunja akishika tumbo na kusema kwamba linakauka, Mama, linakauka.

Ciakuthii aliutazama mlango kwa muda mrefu. Mtu yeyote angeona kwamba alitaka kuufungua.

Kisha akapiga magoti, akaweka viganja vyake viwili juu ya tumbo la mkwewe.

"Wewe ni Mwirigi," alisema. "Si wa porini. Una kwenu. Mwirigi, amka." Akageuza uso kuelekea mlangoni, machozi yakimtiririka. "Na wewe, kaa nalo hilo ulilolichukua. Hapa halina mtu tena."

Changarawe zililia mara moja. Nyayo zikarudi nyuma, zikaingia nepia, zikafika mwisho wa shamba, na safari hiyo hazikugeuka. Zilipanda kuelekea msituni. Nkirote akapiga ukelele mfupi. Mtoto alikuwa amempiga teke.

Mwirigi alizaliwa Septemba, mdogo lakini mzima. Gachoki alipaka saruji juu ya maandishi ya msalaba wa baba yake, na tangu siku hiyo mama yake humpa chakula bila kumsemesha. Nepia imekatwa na kuota upya mara nyingi, ila kwenye njia ile haijaota hata unyasi mmoja, na udongo wake hung'aa kila Julai kama uliokanyagwa jana.

Jumla ya gharama: vifaranga kumi na wanane, kuku tisa, mbuzi mmoja, ndama mmoja, jina moja.