Mshono Uliolalia Kushoto

Saa nne na dakika kumi asubuhi.

Chumba cha nyuma cha duka la makochi kilinuka gundi. Kufuli alisukuma sponji pembeni, akachora ukumbi wa mnada kwa chaki juu ya meza ya kukatia vitambaa.

"Mlango wa mbele, walinzi wawili. Mlango wa stoo, hakuna mtu. Kofia iko hapa. Nakala uliyoitengeneza nimeshaificha chini ya meza."

"Na umeme?" Mama Kutu aliuliza.

"Saa saba na dakika tano nauzima. Sekunde arobaini. Unabadilisha, unatokea stoo. Bubu anakusubiri na gari."

Bubu, dereva wao, aliendelea kutafuna njiti ya kiberiti. Hakumtazama mtu.

Mama Kutu alisimama, akakaa, akasimama tena. Miaka ishirini na miwili alikuwa amesafisha vyuma vya kale makumbusho, mpaka walipompunguza kazini kwa barua ya mistari mitatu. Kofia ya askari wa Kijerumani ya vita vikuu vya kwanza aliweza kuitambua kwa vidole tu. Kufuli, mdogo wake, ndiye aliyekuwa mtunza stoo wa mnada.

"Nitaikagua kwanza," alisema.

"Usiipekue, dada. Badilisha, toka. Basi."

"Nibebe kitu nisichokijua?"

"Ukiipekua sana watakushtukia!" Kufuli alivunja chaki mkononi. Kisha akacheka, peke yake.

Saa sita na dakika hamsini mchana.

Alifika mapema kuliko walivyopanga. Miguu ilikataa kusubiri. Ukumbini wateja wachache walizungukazunguka kutazama bidhaa. Alivaa glavu nyeupe, akaiinua kofia.

Uzito ulikuwa sawa. Pembe mbili fupi za pembeni, sawa. Aliigeuza. Ndani, upande wa kushoto, chapa ya kiwanda na saizi: 64. Akaweka lenzi kwenye ribiti, vile vipini vya chuma vinavyoshikilia ngozi. Kutu ya kughushi, ya asidi, huwa ya rangi ya chungwa, imelala juu juu kama unga. Hii ilikuwa nyeusi, imeuma chuma kama ya kale kweli. Akanusa ngozi ya ndani.

Majani ya chai, yale aliyochemshia nakala zake ili chuma na ngozi vionekane vya kale.

Akavuta lenzi karibu na mshono. Nyuzi zote zilikuwa zimelalia kushoto.

Mwaka jana aliungua mkono wa kulia kwa maji ya moto, akashona mwezi mzima kwa mkono wa kushoto. Nakala aliyoitengeneza mwezi ule, Kufuli alimwambia imeharibika, ameitupa. Kumbe hii hapa, juu ya meza ya mnada.

Saa saba na dakika mbili.

Jasho lilimtoka ndani ya glavu. Kwa hiyo ya kweli ilishauzwa zamani. Kesho mtaalamu wa mnada angekuja kuipima hii, uongo ungejulikana, na funguo za stoo alikuwa nazo mtu mmoja tu. Mtu huyo alihitaji mwizi. Mwizi wa kukamatwa leo, na kofia mkobani.

Alitupa jicho dirishani. Gari la Bubu lilikuwa linaondoka taratibu. Chini ya mlango wa stoo vilionekana viatu vyeusi, jozi mbili, vimeng'arishwa kama vya gwaride.

Saa saba na dakika tano.

Umeme ukazimika. Mtu akapiga kelele. Mama Kutu aliirudisha kofia mahali pake, akaweka viganja vyote viwili juu ya meza, akahesabu. Ilikuwa arobaini ndefu kuliko zote alizowahi kuhesabu.

Taa zikawaka. Mlango wa stoo ukafunguka kwa kishindo. Askari wawili, na Kufuli nyuma yao, kidole mbele.

"Huyo! Mwanamke huyo! Fungueni mkoba wake!"

Wakaumwaga. Leso. Miwani. Vidonge vya kichwa.

"Kofia iko mezani," Mama Kutu alisema. "Ni ya kughushi. Niliitengeneza kwa mikono yangu. Nyingine iko chini ya meza hii. Muulizeni mtunza stoo ya kweli kaipeleka wapi."

"Dada, umechanganyikiwa! Unamsingizia mdogo wako?"

Askari mrefu akageuka polepole.

"Mdogo wake? Si umetuambia humjui?"

Kufuli alirudi nyuma hatua mbili, akachomoka mbio. Alijikwaa kwenye viti, akaanguka kifudifudi.

Saa nane kasoro dakika kumi.

Waliwakalisha benchi moja nyuma ya gari la polisi, pingu moja kwa wote wawili. Mdomo wa Kufuli ulikuwa umevimba.

"Ningekutafutia wakili," alinong'ona. "Mwaka mmoja tu, ungetoka. Mimi nina familia. Wewe huna hata mtoto."

Mama Kutu alikuwa amembeba mgongoni tangu mama yao alipofariki, akamnywesha maziwa, akamlipia shule.

"Nilikuwa naye mmoja," alijibu, akageuzia uso dirishani.